Tochi ya mfukoni: ya betri ya AA au ya 18650?

Tochi ya kutembea nayo kila siku huchaguliwa kuanzia kwenye betri. Betri ndiyo inayoamua unene wa tochi mfukoni, saa itakazowaka, na jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa tayari gizani: ikizima saa 3 usiku, utaiwasha tena kwa njia gani? Lumeni (kipimo cha jumla ya mwanga) zilizoandikwa kwenye boksi zinakuja nyuma kabisa.

Kwetu swali hilo lina majibu mawili. Kuna tochi zinazotumia betri moja ya AA, ile ya saa ya ukutani, ambayo hata kioski cha mwisho wa barabara ya vumbi kinayo. Na kuna zinazotumia betri moja ya 18650, ya lithiamu, aina ile ile iliyojazwa ndani ya pawabenki nyingi na betri za laptopu za zamani. Hii ya pili ina nishati karibu mara tano ya AA, lakini kioskini haipo. Ulinganisho huu ni wa hizo mbili. Tochi zenye kichwa kilichopinda, zile bapa na zile za kuvuta kichwa zimewekwa mbele kidogo, kwa ufupi.

Taa ya simu haiingii kwenye mashindano haya. Majina "mulika mwizi" na "kitochi" yaliingia kwenye lugha yetu kwa sababu ile taa ndogo ilikuwa na kazi kweli, na mpaka leo inatosha kutafutia tundu la ufunguo. Ila mwanga wake umetawanyika na haufiki mbali, ni shida kuishika mvua ikinyesha, na kila dakika inayowaka inakula chaji ya simu utakayoihitaji kumpigia mtu.

Namba za betri

| Betri | Kipimo (mm) | Volti | Ujazo (mAh) | Nishati (Wh) | Uzito (g) |
|---|---|---|---|---|---|
| AA ya kuchaji (Ni-MH) | 14.5 × 50.5 | 1.2 | 2,000 | 2.4 | 27 |
| 14500 (lithiamu, umbo la AA) | 14 × 50 | 3.7 | 800–1,000 | 3–3.7 | 20 |
| 18650 | 18 × 65 | 3.6 | 3,000–3,500 | 11–12.6 | 45–48 |
| 21700 | 21 × 70 | 3.6 | 4,000–5,000 | 14–18 | 70 |

Safu ya kuangalia ni ya nishati (Wh, yaani wati-saa). Tochi nzuri ya leo hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati 1 inayotoka kwenye betri. Ukigawanya nishati hiyo kwa wati 1, AA ya kuchaji inakupa lumeni 100 kwa saa 2 na kidogo, na 18650 inakupa mwanga huo huo kwa saa 10 hadi 12, yaani tangu magharibi mpaka alfajiri.

Tofauti nyingine imejificha kwenye volti. Taa ya LED nyeupe inahitaji karibu volti 3 ili iwake. Betri ya lithiamu inazo tayari, lakini AA ina 1.2, kwa hiyo saketi iliyo kichwani lazima izipandishe, na kupandisha volti kuna gharama ya ampea. Kwa lumeni 100 tu AA huvutwa karibu ampea 1, wakati 18650 huvutwa chini ya theluthi ya hapo. Ndiyo maana tochi ya AA huchosha betri hafifu upesi kuliko saa ya ukutani inavyoweza kuichosha kwa mwaka mzima.

Betri ya 21700 ni nzuri, lakini tochi yake huwa na unene wa kipini cha jembe dogo. Hiyo ni ya begi au mkanda, na kwa mfuko wa suruali tuiache.

Upande wa AA

Mifano ya kuangalia ni Sofirn SP10 Pro, Skilhunt M150 na Acebeam Pokelit AA. Tochi za aina hii zina urefu wa milimita 80 hadi 95 na uzito usiozidi gramu 60 hivi zikiwa na betri. Mfukoni unazisahau, na tochi unayoisahau mfukoni ndiyo inayokuwepo siku umeme unapokatika ukiwa kwenye ngazi za ghorofa ya nne.

Uzuri wake mkubwa ni kukubali betri za aina mbili katika tundu moja: AA ya kawaida, na 14500 ambayo ina umbo la AA lakini volti 3.7. Ukiwa na 14500 mwanga wa juu kabisa hufika lumeni mia kadhaa, kwa baadhi hata 1,000. Ukiweka AA unashuka, mara nyingi chini ya nusu, lakini tochi inaendelea kufanya kazi. Mpangilio mzuri ni 14500 ndani kwa siku za kawaida na AA moja ya akiba begini.

Hapa kuna kosa linaloua tochi. Si kila tochi ya AA inakubali 14500. Ile iliyotengenezwa kwa volti 1.5 peke yake, ukiipa 3.7 saketi yake inaungua pale pale unapobofya, na hakuna fundi atakayeirudisha. Tafuta kwenye karatasi ya maelezo neno "14500" au masafa ya volti kama 0.9 hadi 4.2. Ukikosa kuona, weka AA tu.

Kuhusu AA zenyewe, usisome jina la betri, soma herufi ndogo zilizochapwa ubavuni. R6 ni ya zinki na kaboni. Ndiyo hiyo nyepesi ya bei ya chini, mara nyingi imeandikwa Heavy Duty, na kwa tochi ni dhaifu mno: mwanga unaanza kufifia baada ya dakika chache za kiwango cha juu. LR6 ni ya alkali, bora kuliko R6, lakini ikivutwa ampea 1 haitoi hata nusu ya ujazo inaotoa kwenye rimoti. HR6 ni ya kuchaji, Ni-MH, na ndiyo inayostahili kukaa ndani ya tochi: inahimili kuvutwa kwa nguvu, na zile zinazotunza chaji, kama Eneloop, bado zinabaki na sehemu kubwa ya chaji hata baada ya mwaka kabatini. FR6 ni ya lithiamu isiyochajiwa, ghali, nyepesi, na hukaa miaka mingi bila kuvuja. Hiyo ni ya kuweka kwenye gari au sanduku la dharura. Kwa AAA, zile nyembamba za rimoti, herufi ni zile zile: R03, LR03 na HR03.

Kuvuja ndiko kunakoua tochi nyingi za AA. LR6 ikiachwa ndani ya tochi kabatini hadi iishe kabisa, hutoa majimaji makali ya alkali ambayo yanakula springi, yanapanda hadi kwenye saketi, na betri yenyewe huvimba na kung'ang'ania ndani ya mwili wa alumini hata isitoke. Ukiwahi mapema, futa ukoko mweupe kwa pamba iliyochovywa siki au maji ya limau, kisha futa kwa spiriti na uache ikauke. Ukichelewa, ni kununua nyingine. Tochi inayolala kabatini iwe na HR6 au FR6, au iwe tupu na betri pembeni.

Upande wa 18650

Hapa mifano ni Wurkkos FC11, Sofirn SC31 Pro na Convoy S2+. Zina urefu wa milimita 105 hadi 120, kichwa cha milimita 24 hadi 27, na uzito wa kati ya gramu 90 na 120 zikiwa na betri. Kwenye jinzi zinakaa vizuri kwa klipu. Kwenye kanzu au suruali nyepesi ya kitambaa zinauvuta mfuko chini, na hilo uliweke kwenye hesabu kabla ya kulipa.

Unachopata ni muda. Mtu anayetembea nusu saa kila usiku kwa lumeni 100 anaweza kukaa wiki mbili au tatu bila kuchaji, na bado akawa na nguvu ya kumulika hadi mwisho wa shamba akisikia ng'ombe wanahangaika.

FC11 na SC31 Pro zina tundu la USB-C ubavuni, kwa hiyo chaja ya simu, pawabenki, gari, au mfumo mdogo wa sola wa nyumbani wenye tundu la USB vyote vinazichaji. Hili linabadilisha hoja ya kijijini kwa kiasi kikubwa. Zamani ilitosha kusema "shamba chukua AA". Leo nyumba isiyo na umeme wa gridi lakini yenye sola ya USB inamudu 18650 vizuri kuliko kununua AA mpya kila wiki.

Usishtuke tochi mpya ikikataa kuchaji. Tochi nyingi za bei ya kati hazijawekewa rezista mbili za kiloomu 5.1 ambazo chaja yenye tundu la C huzitafuta kabla ya kutoa umeme. Ukitumia waya wa C kwa C, chaja haioni kitu na hakuna kinachowaka. Tumia waya wenye kichwa cha USB cha zamani, kile kipana, upande wa chaja, na itachaji. Watu wamerudisha dukani tochi nzima kabisa kwa sababu hii.

Tundu lenyewe ndilo jeraha la tochi hizi. Linafunikwa kwa kipande cha mpira ambacho hulegea au kukatika kwa matumizi ya muda mrefu, na hapo mchanga, jasho na chumvi huingia. Kwa mtu wa baharini, iwe Kilwa, Pemba au Lamu, Convoy S2+ ambayo haina tundu lolote ni salama zaidi, ila utahitaji chaja ya nje. Chaja hiyo iwe inayokata yenyewe betri ikifika volti 4.2. Zile za plastiki nyepesi zenye taa moja, zinazoendelea kusukuma umeme usiku kucha, zinaharibu betri na zinaweza kuwasha moto.

Sasa betri feki, maana 18650 ndiyo inayodanganyiwa kuliko zote. Nyingi zilizo bora huishia 3,500 au 3,600 mAh, na chache mpya hugusa 4,000. Ukiona 18650 imeandikwa 6,800 au 9,900, hiyo ni kamba, na mara nyingi ndani kuna ujazo wa 1,000 hivi. Mizani ndogo ya jikoni inamaliza ubishi: halisi ina gramu 44 hadi 49, iliyo chini ya 40 imepunguzwa kitu ndani.

Mafundi wengi huuza 18650 zilizotolewa kwenye betri za laptopu. Zinaweza kufaa kwa taa ya mezani, lakini kwa tochi ya lumeni 1,000 zikichoka huangusha volti na kupata joto. Ukilazimika, chaji hadi 4.2, iache wiki moja bila kuigusa, kisha pima kwa mita. Ikiwa chini ya 4.1, usiitumie.

Pia kuna suala la urefu. 18650 tupu ya kichwa bapa ina milimita 65. Yenye saketi ya kinga na chuchu juu hufika 68 hadi 70. Tochi fupi haifungi na hiyo ndefu, au inafunga kwa kuminya springi mpaka zinakufa. Kinyume chake pia hutokea: tochi yenye ringi ya plastiki kwenye chanya, iliyowekwa ili kuzuia betri kugeuzwa, haigusani na betri bapa kabisa. Uliza tochi inataka ipi kabla ya kununua betri ya akiba.

Ngozi ya plastiki ya betri ikichanika, ibadilishwe au betri itupwe mahali salama. Mwili wote wa 18650 ni hasi hadi ukingoni mwa chanya, kwa hiyo mkwaruzo mdogo pale juu pamoja na funguo mfukoni ni shoti kamili. Betri ya akiba inabebwa kwenye kiboksi chake cha plastiki, wakati wote. Na usiache tochi ya lithiamu juu ya dashibodi ya gari mchana.

Lumeni na ukweli wake

Makampuni makini hupima kwa kanuni ya Marekani iitwayo ANSI FL1, iliyotoka 2009. Ijue mistari yake mitatu. Lumeni hupimwa kati ya sekunde ya 30 na dakika ya 2 baada ya kuwasha. Muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya mwanzo. Umbali ni pale mwanga unapobaki luksi 0.25 (luksi ni kipimo cha mwanga unaokifikia kitu), kiasi cha mbalamwezi pevu.

Maana yake, tochi iliyoandikwa "lumeni 1,000, saa 3" inaweza kuwaka 1,000 kwa dakika 2, ikashuka hadi 350, ikabaki hapo, na bado kampuni haijasema uongo. Sababu ni joto. Lumeni 1,000 zinataka karibu wati 10, na kiganja chako pamoja na hewa vinaweza kuondoa kama wati 3 au 4 tu kutoka kwenye kichwa kidogo cha alumini. Kilichobaki kinapandisha joto mpaka saketi inapunguza mwanga. Kwa hiyo, 18650 na AA yenye 14500 zikiwashwa juu kabisa hushuka zote, na tofauti ni kwamba 18650 inashuka na kutulia kwenye 300 au 400 kwa saa mbili tatu, wakati 14500 inakaa hapo kwa chini ya saa moja.

Macho nayo hayahesabu kama mashine. Ili mwanga uonekane maradufu, lumeni zinapaswa kuwa kama mara nne. Kati ya tochi ya 900 na ya 1,200, usiku hutaiona tofauti. Usiilipie.

Viwango unavyovitumia kweli ni vya chini. Nusu lumeni hadi 1 inatosha kuamka usiku bila kuamsha mtoto. Kati ya 10 na 30 ni kwenda choo cha nje na kupika umeme ukikatika, tochi ikiwa imesimamishwa kwa kitako ikimulika dari. Njia usiyoijua inataka 80 hadi 150. Kutafuta kitu uani ni 300 hadi 500. Tochi isiyo na kiwango cha chini ya lumeni 5 haifai kuitwa ya kila siku, hata iwe na 3,000 juu. Hapo ndipo tochi nyingi za sokoni zinapoanguka: zina mwanga mkali, wa kati, kisha mwanga wa kupepesa, na unaupitia huo wa kupepesa kila unapotaka kurudi mwanzo. Katikati ya barabara ni hatari. Ikatae.

Kwa umbali, tafuta kandela, kipimo cha ukali wa mwanga pale unapolenga. Chukua kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa 2, unapata mita za FL1: kandela 10,000 ni mita 200. Kwa macho ya kawaida kata hadi nusu au theluthi. Tochi ya mfukoni yenye kandela 4,000 hadi 8,000 inatosha.

Umbo na rangi ya mwanga

Ndani ya kichwa kuna kiakisi laini kama kioo, au chenye vipele kama ganda la chungwa, au lenzi nene ya plastiki. Kiakisi laini hutupa mwanga mbali na kuacha kitovu kikali katikati. Ganda la chungwa hulainisha mpito kati ya kitovu na pembeni, na kwa kutembea ni raha zaidi, kwa sababu unaona mguu wako na njia ya mbele kwa pamoja. Lenzi za plastiki zinafupisha kichwa, ndiyo maana zinapendwa kwenye tochi ndogo za AA.

Rangi hupuuzwa sana na haistahili. CRI ni kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi, mwisho 100. LED za kawaida zina 70. Za Nichia 519A na nyingine za daraja hilo zina 90 na zaidi. Tofauti unaiona ukichungulia waya wa kahawia na mwekundu kwenye swichi, ukikagua kidonda, au ukitofautisha nyoka mwenye madoa na majani makavu. Unalipa kwa kupoteza kama robo ya lumeni zote, na ni biashara nzuri. Chagua kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4,000 hadi 5,000. Ile ya 6,500, ya bluu baridi, kwenye mvua au ukungu inakurudishia ukuta mweupe usoni.

Mwanga unaotetemeka huchosha macho: pitisha kalamu upesi mbele ya tochi ikiwa kiwango cha chini. Ukiona kalamu nyingi zimetengana kama feni, tochi inawaka na kuzima mara nyingi kwa sekunde.

Kitufe

Kitufe cha kitakoni cha kubofya hukata umeme kabisa. Tochi haili betri ikiwa imezimwa, na gizani kidole gumba kinakipata bila kutafuta. Convoy S2+ ni ya hivyo. Kitufe cha ubavuni cha kielektroniki kinakupa kupandisha na kushusha mwanga kwa kushikilia, lakini kinakunywa umeme kidogo muda wote na kinaweza kubonyezwa mfukoni. Tochi ya lumeni 1,000 ikijiwasha ndani ya begi inaunguza kitambaa.

Dawa ni kulegeza kitako robo mzunguko. Inafanya kazi pale tu nyuzi (ile mistari ya kufungia kitako) zinapokuwa zimepakwa rangi ile ile ya mwili. Nyuzi zilizo wazi na kung'aa hupitisha umeme hata zikilegea. SP10 Pro na SC31 Pro hutumia programu ya Anduril: ukishikilia kitufe tochi ikiwa imezimwa inaanza na mwanga wa chini kabisa, bofya mara 3 inahesabu volti kwa kumeta (3, kisha 8, ni 3.8), bofya mara 4 inajifunga. Anayependa kupangapanga ataifurahia. Bibi wa nyumbani anayetaka kuwasha na kuzima, mpe ya kitako.

Nyingine, kwa haraka

Yenye kichwa kilichopinda digrii 90, kama Skilhunt H04 au Armytek Wizard, huvaliwa kichwani kwa mkanda na kuchomekwa mfukoni kwa klipu ikimulika mbele. Kwa fundi magari, muuguzi au mkulima, hii ndiyo tochi yenye kazi nyingi kuliko zote, kuliko hata hizo mbili zinazoshindanishwa hapa. Inapungukiwa umbali tu.

Zile bapa zinakaa mfukoni vizuri sana, lakini nyingi betri yake haitolewi. Betri ikichoka, tochi nzima imekwisha. Kama chaji yake ni ya sumaku na waya wa kampuni, waya ukipotea Singida au Kakamega ni kungoja mzigo.

Za kuvuta kichwa, zinazojaa sokoni kuliko zote: kichwa kikisogea kinavuta hewa kama pampu, pamoja na vumbi na maji, na kitovu kinapobanwa sehemu kubwa ya mwanga inabaki ndani. Kwa kila siku, hapana.

Ikianza kusumbua

Tochi inayokatakata mara nyingi haina ugonjwa mkubwa. Fungua kitako, futa ukingo wa mwili na springi kwa kitambaa chenye spiriti. Kisha angalia ndani ya kitako: kuna ringi ya chuma yenye matundu mawili inayoshika kitufe. Ikilegea, tochi inapepesa au inakufa. Ikaze kwa ncha za kibanio au mkasi mwembamba. Nyuzi zikikwaruza kama zina mchanga, futa zote, paka grisi ya silikoni kidogo sana, pamoja na ringi ya mpira. Mafuta ya kujipaka ya petroli huvimbisha baadhi ya mipira, hivyo yaache.

Nani achukue ipi

Anayefanya kazi mjini, na giza lake ni ngazi, kukatika umeme na kichochoro cha dakika kumi: AA inayokubali 14500. Wepesi ndio utakaomfanya aibebe. Anayesafiri mara kwa mara kwenda mahali asipopajua, vivyo hivyo, kwa sababu kila duka ni kituo chake cha chaji.

Mlinzi, dereva wa bodaboda wa usiku, mfugaji, na nyumba yenye sola ya USB: 18650 yenye tundu, na betri moja ya akiba. Sumaku ya kitakoni ya FC11 itamsaidia wa bodaboda kuibandika kwenye chuma akibadilisha tairi, ila asiiweke mfuko mmoja na kadi ya benki yenye mstari wa sumaku. Mvuvi achukue 18650 isiyo na tundu, na aioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila akirudi.

Anayepanda ndege abebe betri za lithiamu za akiba kwenye mzigo wa mkononi, kila moja kwenye kiboksi chake, kwani hazikubaliwi kwenye mzigo unaopita chini; na kitako cha tochi yenyewe akilegeze kabla ya kufika kwenye ukaguzi.